Maswali kwa Daktari: Fomu, Kidonge na Mtoto Asiyetulia

Katika toleo lililopita nilijibu swali fupi la mzazi ambaye mtoto wake hawezi kukaa kitini, nikataja ADHD: hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kushika umakini, asitulie, au atende kwa papara kupita wenzake wa umri wake. Barua zilizofuata zimeninyima usingizi. Wapo walioandika kwamba huo ni utundu tu, uliopewa jina la kitaalamu ili vidonge viuzwe. Wapo walioandika kwamba wamezunguka miaka mingi wakiambiwa hawajui kulea, hadi siku walipopata mtu wa kuwasikiliza. Nimetibu watoto wenye matatizo ya afya ya akili kwa miaka 26, na watu wa pande zote mbili wameketi mbele ya meza yangu, mara nyingine asubuhi hiyo hiyo. Nimechagua barua sita. Sitazijibu kwa urefu sawa.

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu ana miaka 6, ndiye mdogo kuliko wote darasani. Mwalimu alijaza fomu ya maswali, nami nikajaza yangu, tukaenda nazo hospitali. Daktari akazisoma, akamtazama mtoto akizungusha kiti, akaandika ADHD na dawa. Hatukumaliza hata dakika 20. Dawa bado iko kabatini. Baba yake anataka nimpe, mama mkwe anataka niitupe. Nifanye nini? — Mama wa mtoto mmoja

Marahaba, mwanangu. Kwanza ondoa hofu: ADHD si ugonjwa wa dharura. Wiki chache za dawa kukaa kabatini hazijamdhuru mtoto. Usiitupe, wala usimpe bado. Utarudi nayo hospitali, ukiwa na maswali.

Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha ADHD. Hakuna picha ya ubongo inayoionyesha pia. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 ulilinganisha picha za ubongo za watu zaidi ya 3,000, wenye ADHD na wasio nayo. Tofauti zilionekana, lakini ni ndogo na ni za wastani wa kundi. Huwezi kuchukua picha ya mtoto mmoja ukasema huyu anayo. Tulicho nacho ni masimulizi: ya mzazi, ya mwalimu, ya mtoto mwenyewe, na macho ya daktari.

Ndiyo maana masharti ya utambuzi ni mengi. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013, una dalili 9 za kukosa umakini na dalili 9 za kutotulia na papara. Mtoto anatakiwa awe na dalili 6 au zaidi katika kundi mojawapo, kwa miezi 6 au zaidi, ziwe zilianza kabla hajatimiza miaka 12, zionekane katika mazingira mawili au zaidi, kwa mfano nyumbani na shuleni, na ziwe zinamharibia maisha kweli. Kisha lipo sharti la mwisho, na hilo ndilo linalorukwa na daktari mwenye haraka: dalili hizo zisiwe zinaelezeka vizuri zaidi kwa sababu nyingine.

Nalijua kwa sababu nimewahi kuliruka mimi mwenyewe. Alikuwa mvulana wa miaka 7. Fomu ya mama na fomu ya mwalimu zote zilijaa alama za juu. Nikaandika dawa, nikajiona nimefanya kazi nzuri. Walipokuja mara ya tatu, aliyemleta alikuwa bibi yake, anayelala naye chumba kimoja. Akaniambia, kama mtu anayepitisha mazungumzo, kwamba mtoto anakoroma kama mtu mzima na mara nyingine pumzi inakatika mpaka amtikise. Sikuwa nimewahi kuuliza habari ya usingizi. Mtoto alikuwa na nyama nyuma ya pua zilizoziba njia ya hewa. Usiku hakuwa analala vizuri, na mtoto mdogo aliyenyimwa usingizi hasinzii kama mtu mzima, anahangaika. Zile nyama zikaondolewa. Baada ya miezi michache mwalimu yule yule alijaza fomu ile ile, na alama zikawa kama za wenzake. Nilimsimamisha dawa na nikamwomba mama yake radhi. Tangu siku hiyo, usingizi ndio mstari wa kwanza kwenye karatasi yangu ya maswali.

Kwa hiyo, mama, utakaporudi, uliza haya. Masikio ya mtoto yamepimwa? Macho je? Analalaje, anakoroma? Ana upungufu wa madini ya chuma? Kuna nyakati anaduwaa sekunde chache, macho yametazama pasipo kitu, ukimwita hasikii, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea? Hicho kinaweza kuwa kifafa cha kuduwaa, na dawa zake ni nyingine kabisa. Anaweza kusoma, au herufi zinamchanganya kiasi kwamba kuhangaika ndiyo njia yake ya kukwepa kitabu? Kuna msiba, ugomvi au hofu yoyote nyumbani? Kwa hili la mwisho jibu kwa ukweli hata kama linauma. Mtoto anayeishi kwa kuogopa anaweza kupata alama za juu kwenye fomu hiyo bila kuwa na ADHD.

Halafu kuna jambo ulilolitaja kama la kupita, nami nimesimama hapo hapo: ni mdogo kuliko wote darasani. Katika jimbo la British Columbia, Kanada, ambako darasa hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, utafiti wa 2012 ulipitia kumbukumbu za watoto zaidi ya 900,000. Wavulana waliozaliwa Desemba, yaani wadogo wa darasa, walikuwa wamepewa jina la ADHD kwa asilimia 30 zaidi kuliko waliozaliwa Januari. Kwa wasichana ilikuwa asilimia 70 zaidi. Nchini Marekani, kwenye majimbo ambako tarehe ya kugawa madarasa ni 1 Septemba, utafiti wa 2018 ulikuta waliozaliwa Agosti wakizidi waliozaliwa Septemba kwa asilimia 34. Hakuna maradhi yanayoufuata mwezi wa kuzaliwa namna hiyo. Sehemu ya watoto hao walikuwa wadogo tu, wakipimwa kwa kipimo cha mwenzao aliyewazidi karibu mwaka mzima. Katika umri wa miaka 6, mwaka mmoja ni sehemu ya sita ya maisha yake yote.

Sisemi mwanao hana ADHD. Huenda anayo. Nasema bado hajachunguzwa. Mwombe mwalimu amlinganishe na watoto wa umri wake kwa miezi, wala si na darasa zima. Omba mtu wa pili, mwalimu mwingine au mlezi, ajaze fomu bila kuona ya kwanza. Na uliza kuhusu mafunzo ya wazazi: namna ya kutoa agizo moja kwa wakati, kusifu papo hapo, kupanga siku iwe na utaratibu ule ule. Hata wataalamu hawakubaliani kuhusu lipi litangulie. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa 2019, wanaanza na mafunzo ya wazazi kwa walio chini ya miaka 6, na kuanzia miaka 6 wanapendekeza dawa pamoja na msaada wa tabia. Mwongozo wa Uingereza wa 2018 unataka mazingira ya mtoto yarekebishwe kwanza, na dawa ije iwapo bado anaumia. Mwanao yuko mpakani kabisa mwa umri huo. Mimi, kwa mtoto wa miaka 6 aliyeonwa kwa dakika 20, nasimama na Waingereza.

SWALI: Daktari, kijana wangu wa miaka 10 alianza dawa mwezi uliopita. Siku ile ile ya kwanza alikaa akamaliza kazi yake ya shule. Kwangu huo ni uthibitisho kwamba kweli ana ADHD, lakini mke wangu bado ana shaka. Utamwambia nini? — Baba wa watatu

Ndugu yangu, nitamwambia kwamba shaka yake ina msingi, na wewe nitakuambia kwamba furaha yako nayo ina msingi.

Mwaka 1937 daktari Charles Bradley, katika kituo cha watoto huko Rhode Island, Marekani, aliwapa watoto 30 dawa ya jamii ya amfetamini, yaani ya kuchangamsha ubongo. Karibu nusu yao walianza kusoma kwa namna iliyowashangaza walimu. Kuanzia hapo dawa hizi zikahusishwa na watoto wasiotulia, na watu wakaamini kwamba zinamtuliza mwenye ugonjwa na kumchangamsha asiye nao. Kwamba ukimpa mtoto akatulia, umeshapata jibu. Imani hiyo ilidumu miaka 40. Mwaka 1978 daktari wa akili za watoto Judith Rapoport na wenzake waliwapa amfetamini wavulana 14 ambao hawakuwa na tatizo lolote. Nao pia walitulia. Nao pia walishika umakini vizuri zaidi.

Kwa hiyo kijana wako kukaa siku ya kwanza kunaonyesha kwamba dawa imefika kwenye ubongo. Utambuzi unapaswa kusimama kwa miguu yake, kwa yale masharti niliyomweleza mama hapo juu. Kama ulifanywa vizuri kabla ya kidonge, mweleze mkeo hatua zake, atatulia. Kama haukufanywa, kidonge hakiwezi kuufanya kwa niaba ya daktari.

Na ninaomba uangalie kingine zaidi ya kukaa. Mtoto aliyezubaa, asiyecheka, asiyecheza, anayetazama ukuta, huenda dozi yake imezidi. Hiyo hairuhusiwi kuitwa mafanikio hata mwalimu akiwa ameridhika. Tafuta anachoweza sasa ambacho jana hakukiweza. Muulize yeye. Mvulana mmoja wa miaka 11 nilimuuliza kidonge kimebadili nini, akafikiri kidogo, akasema: “Namsikia mwalimu mpaka mwisho wa sentensi.” Nimekaa na maneno hayo miaka mingi. Hakuna fomu niliyowahi kuisoma iliyonieleza ADHD vizuri kuliko mtoto huyo.

SWALI: Nimefundisha miaka 30. Zamani watoto hawa tulikuwa nao na tuliwaita watundu, wakakua wakawa watu wazima. Leo kila darasa lina ADHD. Je, si mtindo tu wa Marekani uliosambaa? — Mwalimu mstaafu mtarajiwa

Mwalimu wangu, jina ni jipya, mtoto ni wa zamani. Daktari wa Uskoti, Alexander Crichton, aliandika mwaka 1798 kuhusu watu ambao akili zao zinarukaruka kwa kila sauti na kila kivuli, tangu utotoni. George Still aliwaeleza madaktari wenzake London mwaka 1902 habari za watoto 43 wasioweza kujizuia ingawa wengine walikuwa na akili nzuri tu. Kilichobadilikabadilika ni jina na mipaka yake. Mwongozo wa Marekani wa 1968 ulijali zaidi kutotulia. Ule wa 1980 ukahamishia uzito kwenye umakini. Jina ADHD likaja mwaka 1987. Mwaka 2013 umri wa dalili kuanza ukasogezwa kutoka miaka 7 hadi 12. Kila mpaka unaposogea, watoto wanaingia au wanatoka bila chochote kubadilika ndani ya vichwa vyao.

Hapo una haki. Tafiti za nchi nyingi, zikichanganywa, zilitoa wastani wa takriban asilimia 5 ya watoto. Lakini Marekani mwaka 2022, wazazi walipoulizwa, asilimia 11.4 ya watoto wa miaka 3 hadi 17 walikuwa wamewahi kuambiwa wana ADHD, karibu watoto milioni 7. Sioni sababu ya kuamini kwamba watoto wa Marekani wamezaliwa na ubongo wa namna nyingine. Kinachotofautiana ni nani anayechunguza, kwa muda gani, na shule au bima inadai nini ndipo mtoto asaidiwe. Hata Keith Conners, mtu aliyetengeneza fomu maarufu za kupimia dalili hizi, katika miaka yake ya mwisho alilalamika hadharani kwamba jina hili linagawiwa ovyo.

Lakini kwa sentensi yako kwamba walikua wakawa watu wazima, nakupinga, kwa heshima. Waliokua na mambo yakawaendea vizuri ndio unaokutana nao njiani wakakusalimu. Aliyefukuzwa shule, aliyeacha mwenyewe kwa aibu, aliyepata ajali kwa papara, hao hawarudi kumsalimu mwalimu. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba tofauti kati ya watu katika dalili hizi hutokana na urithi kwa takriban asilimia 74, karibu kama urefu wa mwili. Huwezi kumtandika mtoto ili awe mrefu. Kumpa agizo fupi, kumkalisha mbele mbali na dirisha, kumtuma akalete chaki pale unapoona miguu inaanza kucheza: hayo unayaweza, na naamini kwa miaka 30 umeyafanya bila kuyapa jina lolote.

SWALI: Je, ni sukari? — Msomaji

Hapana. Majaribio ambayo watoto walipewa sukari au kitamu kisicho na sukari bila wazazi kujua hayakuonyesha tofauti ya tabia. Kuna jaribio la 1994 ninalolikumbuka kila mara ninaposoma fomu. Watoto wote walipewa kinywaji kisicho na sukari, lakini nusu ya mama waliambiwa kwamba mtoto wao amekunywa sukari nyingi. Mama hao waliwaona watoto wao hawatulii kuliko mama wengine walivyowaona wa kwao. Hawakudanganya. Waliona walichotarajia kuona. Nasi tunaojaza na kusoma fomu za ADHD tuna macho hayo hayo.

SWALI: Mwanangu daktari, mjukuu wangu wa miaka 9 anakunywa dawa ya ADHD iitwayo methilfenideti. Nimesikia ni ndugu wa madawa ya kulevya. Atakuwa mraibu? Na nimeona amepungua, nguo za mwaka jana bado zinamtosha. Wazazi wake wananiambia nisiingilie. — Bibi mwenye wasiwasi

Shikamoo, mama. Umeona vizuri, na hili la nguo usilinyamazie.

Nianze na uraibu. Methilfenideti ilitengenezwa mwaka 1944 nchini Uswisi na mkemia Leandro Panizzon; jina la biashara Ritalin alilitoa kwa mkewe, Rita. Ni kweli inafanya kazi kwa njia inayokaribiana na amfetamini: inazuia dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopeleka ujumbe ubongoni, zisifyonzwe haraka. Ikinyweshwa kwa dozi ya daktari inapanda polepole na haileti ulevi. Tafiti zilizowafuatilia watoto hadi ukubwani hazikuona kwamba waliotibiwa wakiwa wadogo waliingia kwenye uraibu zaidi ya wenzao wenye ADHD ambao hawakutibiwa. Hatari ipo pale inapotumiwa na asiyeandikiwa, au kwa wingi, au kwa kusagwa. Kwa hiyo dawa ifungiwe, ihesabiwe, na mtu mzima ndiye ampe.

Kuhusu mwili, dawa hizi hupunguza hamu ya kula, huchelewesha usingizi, huongeza kidogo mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na zinaweza kupunguza kasi ya kukua. Jaribio moja kubwa lilianza Marekani miaka ya 1990 likiwa na watoto 579 wa miaka 7 hadi 9, likagawanywa makundi manne. Baada ya miezi 14, waliopewa dawa kwa uangalizi wa karibu walikuwa na dalili chache zaidi kuliko waliopewa msaada wa tabia peke yake, na kuliko waliotibiwa kwa njia ya kawaida mitaani kwao. Watu wengi wananukuu matokeo hayo ya 1999 na kuishia hapo. Miaka mitatu tangu kuanza, tofauti kati ya makundi ilikuwa imetoweka. Na walipokuwa watu wazima, wale waliotumia dawa mfululizo walikuwa wafupi kwa sentimita chache kuliko ambao hawakuitumia sana.

Hapo ndipo ugomvi wa wataalamu ulipo hasa. Wapinzani wanasema: ushahidi mzuri ni wa wiki, na watoto wanakunywa kwa miaka. Wako sahihi, mapitio makubwa ya 2018, yenye majaribio 133, yaliweka methilfenideti mbele kwa watoto, lakini ni kwa matokeo ya takriban wiki 12. Shirika la Afya Duniani lilikataa mwaka 2019, na tena 2021, kuiingiza dawa hii kwenye orodha yake ya dawa muhimu, likisema ushahidi wa faida na madhara yake hautoshelezi. Watetezi wanajibu kwa takwimu za Sweden, ambako kumbukumbu za karibu watu 150,000 wenye ADHD zilizochapishwa mwaka 2024 zilionyesha walioanza dawa wakifa kwa kiwango kidogo zaidi katika miaka miwili iliyofuata, hasa vifo vya ajali na sumu. Nchi hiyo hiyo imetoa takwimu zinazoonyesha kwamba matumizi ya miaka mingi yanaendana na ongezeko dogo la shinikizo la damu na maradhi ya mishipa. Mimi naandika dawa hii. Nimeona watoto wakirudishiwa shule na marafiki kwa sababu yake. Lakini siandiki kisha nikasahau.

Kwa hiyo, mama, usiingilie, uliza. Waambie wazazi wake: mara ya mwisho urefu, uzito, mapigo na shinikizo la mjukuu wangu vilipimwa lini, na vimeandikwa wapi? Angalau kila miezi 6 vinatakiwa viwe kwenye chati, na uzito wa mtoto wa umri wake kila miezi 3. Kama mstari wa urefu umelala, daktari anaweza kupunguza dozi, kubadili dawa, au kupanga vipindi vya kupumzika kidonge. Zipo pia dawa zisizo za kuchangamsha, kama atomoksetini, ingawa kwa wengi nguvu yake ni ndogo zaidi. Na hili unaweza kulifanya leo: ale vizuri asubuhi kabla ya kidonge, na ale tena jioni nguvu ya dawa inapoisha, hata kama muda wa chakula umepita. Wewe ndiye unayemwona akisukuma sahani pembeni. Ushahidi huo daktari wake anauhitaji.

SWALI: Daktari, nina miaka 34. Nimekuwa nikitazama video fupi kuhusu ADHD kwa wanawake na kila dalili ni yangu. Napoteza funguo, nimeacha kazi tatu, naanza mambo simalizi. Rafiki yangu ana vidonge vyake na amenipa nijaribu. Je, nimechelewa? — Aliyechoka

Dada, kwanza mrudishie rafiki yako vidonge. Shinikizo lako halijapimwa, moyo wako haujasikilizwa, na kama ulivyosoma kwenye barua ya pili, hata vikikusaidia havitakuambia kama una ADHD.

Hukuchelewa. Nitakueleza habari za msichana mmoja, kwa sababu naye ni kosa langu. Aliletwa akiwa na miaka 9. Mwalimu alisema ni mpole, hana matata, ila yuko polepole. Nilikuwa nimezoea wavulana wanaopanda juu ya meza. Huyu alikaa ametulia, akaitikia kila nilichosema. Nikamwambia mama yake atachangamka akikua. Alirudi akiwa na miaka 19, peke yake, amefeli mwaka wa kwanza wa chuo, akiamini yeye ni mjinga. Alikuja na madaftari yake ya zamani kwenye mfuko. Kila daftari lilikuwa hivyo hivyo: kurasa mbili za mwanzo zimeandikwa kwa mwandiko mzuri, vichwa vya habari vimepigiwa mstari, ya tatu nusu, kisha michoro pembeni, kisha weupe mpaka mwisho. Miaka 10 ya weupe. Wasichana wengi wana ADHD ya namna hiyo, ya umakini kupotea bila fujo, na kwa sababu hawasumbui mtu, hakuna anayewaleta hospitali. Watoto wanaoletwa kliniki ni wavulana wengi mno kuliko wasichana. Wanapokuwa watu wazima pengo hilo hupungua sana.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema watu wazima wanaojitokeza sasa wanafuata mkumbo. Lakini siwezi pia kukubaliana na video. Kupoteza funguo na kuacha kazi kunatokana na mambo mengi: sonona, wasiwasi, kukosa usingizi, tezi ya shingo, kuchoka kwa mtu anayebeba mzigo wa watu watatu. Kwa mtu wa miaka 17 na kuendelea dalili zinazotakiwa ni 5 badala ya 6, lakini sharti la kuanza utotoni halikuondolewa. Kule Dunedin, New Zealand, wapo watu waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 ambao watafiti wamewafuatilia tangu utotoni. Walipofikisha miaka 38, takriban 9 kati ya kila 10 waliokuwa na dalili za kutosha za ADHD hawakuwa nazo walipopimwa wakiwa watoto. Wapo wanaosema hiyo ni ADHD inayoanza ukubwani. Tafiti zilizofuata zilikuta kwamba wengi wa watu wa namna hiyo walikuwa na tatizo jingine. Daktari asiyekuuliza ulikuwaje ukiwa na miaka 8 hajakuchunguza, hata akikuandikia jina unalolitaka.

Basi kabla ya miadi, mtafute mtu aliyekujua ukiwa mdogo, mzazi, shangazi, dada mkubwa, na umwombe aje nawe au akuandikie anachokumbuka, bila wewe kumdokezea. Na tafuta ripoti zako za shule kama bado zipo. Alama hazina kazi sana. Watu wenye akili nyingi hujificha nyuma ya alama. Soma yale maneno machache ambayo walimu waliandika chini kabisa, mwaka baada ya mwaka. Yapige picha yote, na uyabebe.